Uzinduzi wa Mbinu ya Mikono Juu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, ambaye hakufika lakini kiti chake kimefika, Chifu Rapemo, mwenye eneo hili na mwenye kofia hiyo, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Makamu wake, na Makamu wa Makamu wake, wachungaji wa makanisa yote pamoja na yale yaliyogawanyika juzi, wafanyabiashara mashuhuri wa soko la Awendo mkiongozwa na Mzee Suleman wa duka la jumla, akina mama wauza dagaa wa omena mkiongozwa na sauti ya Mama Benta, madereva wa trekta za miwa mliozima injini kwa heshima yangu, na nyinyi ambao bado hamjazima, wazazi, walezi, wanafunzi wa darasa la nne, na kwa namna ya pekee kabisa, Mfadhili wetu mtukufu kutoka ng'ambo, huyu mama aliyevaa kofia ya jua na viatu vya kupandia milima, jambo linaloonyesha jinsi alivyo tayari kupanda pamoja nasi mlima wa maendeleo: hamjambo?

(Hatujambo.)

Sijasikia. Hamjambo?

(Hatujamboooo!)

Na sasa kwa lugha ya nyumbani, Kijaluo: Oyawore!

(Kicheko. Ni saa tisa alasiri. Sauti ya Mama Benta: "Yawa! Hiyo ni ya asubuhi, bwana!")

Asante, Mama Benta. Nilianza kuwasalimu tangu asubuhi moyoni, salamu ndiyo inafika sasa. Na ndugu zetu Wakuria nawasalimu vilevile kwa lugha yenu, ambayo iko katika mpango kazi wangu wa mwaka ujao.

Mimi kwa jina naitwa Cephas Ogeto, Mratibu Mkuu Mwandamizi wa Kitengo Maalumu cha Uratibu wa Mbinu, cheo ambacho kabla yangu hakikuwapo, na ambacho baada yangu sijui nani atakiweza. (Makofi kutoka kwa Mwalimu Mkuu.) Nimekuja leo kufanya mambo mawili mazito. La kwanza ni kuzindua mradi mkubwa kuliko miradi yote iliyowahi kuzinduliwa kati ya Migori na Homa Bay, ikiwa ni pamoja na ile iliyowahi pia kujengwa. La pili linamhusu Mwalimu Jerusha wa darasa la nne, yule pale nyuma aliyesimama akitazama viatu vyangu, na hilo nitalifikia, msianze kunong'ona.

Nyuma yangu mnaona pazia jeupe. Nyuma ya pazia hilo, ndugu wananchi, kuna Kituo cha Kisasa cha Ufundishaji Shirikishi, chenye meza za duara, kabati za vifaa, na paa ambalo mvua ikilinyeshea inaomba radhi. (Makofi marefu.) Nitalivuta pazia hilo kwa mkono wangu mwisho wa hotuba. Mama Benta, toka hapo karibu na pazia.

Sasa nieleze chimbuko. Mwaka jana serikali ilinituma Kisumu kwenye semina, katika hoteli iliyo karibu na ziwa kiasi kwamba samaki alikuwa akiingia jikoni mwenyewe. Semina iliitwa "Participatory and Hands-on Methodologies in the Diverse Classroom," na mimi nilikuwapo tangu kichwa hicho kilipoanza kusomwa hadi kilipokwisha kusomwa, ndipo majukumu ya kitaifa yakaniita upande wa chakula. Lakini kwa mtu mwenye uzoefu, kichwa kinatosha. Samaki ukishamla kichwa, mwili unaujua tu.

Participatory ni shirikishi. Hapo hakuna mgogoro. Diverse ni mseto. Hata mtoto angefika. Ila hands-on, ndugu zangu, iliwatoa wataalamu jasho. Wengine waliiacha hivyohivyo. Mimi sikuiacha. Niliishika nikaivunja kwenye kifundo kama muwa, kipande huku na kipande huku. Hands: mikono. On: juu, kama tunavyosema kitabu kiko on the table, juu ya meza. Nikaunganisha. Mikono Juu! (Mwalimu Mkuu apiga makofi peke yake.) Hiyo ndiyo Mbinu ya Mikono Juu, na kwa mujibu wa utafiti nilioufanya ndani ya gari nikija hapa, inaongeza uelewa wa mwanafunzi kwa asilimia mia moja na kumi na mbili.

Darasa la nne! Kama tulivyofanya mazoezi: Mikono juu!

(Watoto wote wainua mikono yote miwili. Mzee Suleman naye ainua yake kwa ghafla, macho yakitafuta mlango.)

Mzee Suleman, shusha, huu si wizi, ni elimu. Au basi iache, inapendeza.

(Msichana wa mstari wa mbele auliza: "Mwalimu, tumekosa nini?")

Nani huyo? Emmaculate. Swali zuri, Emmaculate. Hamjakosa kitu, mtoto wangu. Najua huko nyuma mlikuwa mkichelewa mnapigishwa magoti hapo uwanjani, mikono juu mpaka mabega yalie. Ile ilikuwa adhabu. Hii ni mbinu. Tofauti yake ni kwamba leo hamjapiga magoti. (Kicheko.) Endeleeni kuinua, na msishushe mpaka picha ya ripoti ipigwe, maana Mfadhili wetu ana kamera, na ripoti bila picha ni barua tu.

(Mama wa kofia ya jua, ramani iliyokunjwa mapajani, ainua mkono.)

Mmeona? Mnaona jamani? Sijamwambia! Mbinu imemwingia yenyewe! Mpigieni makofi Mfadhili! (Makofi. Mama yule ashusha mkono, atabasamu kwa wasiwasi.)

(Mwalimu Jerusha, kutoka nyuma: "Bwana Mratibu, naomba kusema. Hands-on ni mtoto kushika kitu kwa mikono yake, akifanye mwenyewe, aone kinavyokuwa.")

Kushika? Mwalimu Jerusha, kushika nini, na serikali haijaleta vitu vya kushika? Tusidanganyane. Hewa ipo kwa kila mtoto bila ubaguzi, ndiyo maana mikono inainuliwa hewani.

Basi tuingie kwenye kipengele cha mseto. Nilipopewa takwimu za darasa hili nilishtuka. Wamo watoto wa Kijaluo, watoto wa Kikuria ambao baba zao wanafanya kazi ya miwa, yumo binti wa Mzee Suleman aitwaye Hodan aliyekuja kutoka Isiolo, yaani mseto kama githeri. Na nilipofanya ziara ya kushtukiza mwezi uliopita, niliwakuta wamekaa ovyoovyo! Mtoto wa huku amekaa na mtoto wa kule, wanapumuliana. Ofisi yangu imechukua hatua. Kama mnavyoona leo, kila kabila limepewa benchi lake, Waluo kulia, Wakuria kushoto, na Hodan peke yake katikati kama kamati ndogo, ili washirikiane kikamilifu bila kuchanganyika. Pigeni makofi, hiyo ni sera. (Makofi mawili.)

Naam. Na hapo ndipo tunalifikia jambo la pili.

Wazazi, nisikilizeni kwa utulivu. Siku ile ya ziara nilisikia kelele za darasa la nne nikiwa bado barabarani. Nikadhani kuna msiba, nikavua kofia. Naingia, nakuta nini? Mwalimu haonekani! Namtafuta mbele, hayupo. Namtafuta mezani, hayupo. Kumbe amekaa chini sakafuni katikati ya watoto, mwalimu aliyesomeshwa kwa kodi yenu, anachora kwa chaki kwenye saruji! Watoto wamejigawa vikundi, kila kikundi kina muwa mmoja na kisu cha duka, wanaukata nusu, robo, thumni, wanazipanga, wanagombana robo ya nani ni kubwa, wanarudia kupima. Kijana mmoja, Maroa, anamweleza mwenzake hesabu kwa Kikuria, mwenzake anageuza kwa Kijaluo, wa tatu anaweka kwa Kiswahili. Nikauliza: hapa nani anafundisha? Wakajibu kwa sauti moja: sisi!

(Kicheko na vigelegele kutoka kwa akina mama.)

Msishangilie, nasoma mashtaka! Nikaagiza niletewe vifaa vya kufundishia nivikague kwa mujibu wa utaratibu. Mnajua nilijibiwa nini? Nilijibiwa kwamba vimeliwa. Vifaa vya serikali, nusu, robo na thumni, vyote vimetafunwa, na ushahidi uliobaki ni makapi! Nikamuuliza huyu mtoto Emmaculate, ulikula nini? Akanijibu bila aibu: "Nilikula robo tatu, bwana, na Maroa robo moja, kwa hivyo kesho yeye anaanza." Sasa huyo ni mtoto wa kusema hivyo mbele ya mratibu?

(Mzee Suleman asimama, mikono bado juu: "Bwana mkubwa, mtoto wangu alikuja hapa, mwaka mzima hakusema hata neno moja. Kwa mwalimu mwingine alikuwa anakaa tu kama gunia. Huyu mwalimu akamwambia alete mizani ya dukani, awapimie wenzake sukari. Siku hiyo akafungua mdomo. Sasa hanyamazi! Nyumbani ananisahihisha hesabu mbele ya wateja! Usiniondolee huyo mwalimu, wallahi.")

Mzee Suleman, machozi hayamo kwenye ratiba. Nakuelewa kama mzazi, lakini mimi ni mfumo. Kwa hiyo, kwa kuzingatia kelele, kukaa chini, na kuliwa kwa vifaa, ofisi yangu imeamua kwamba Mwalimu Jerusha ahamishiwe kisiwani Remba kuanzia Jumatatu. Remba, kama mnavyojua, watu wamebanana kuliko omena kwenye neti, hivyo atapata ushirikishi mpaka achoke. Nafasi yake itachukuliwa na mwalimu mtulivu sana, ambaye darasa lake la mwisho lilikuwa kimya hivi kwamba mkaguzi aliandika shule imefungwa.

(Manung'uniko. Mama Benta: "Haendi mahali! Japuonj, mwalimu wetu, haendi! Nyinyi mkipata mtu anafanya kazi ndiyo mnamuona adui!" Hodan, mikono juu, alia kwa sauti.)

Utulivu! Utulivu, ndugu wananchi. Mnanilaumu bure. Mnadhani mimi ni kama wale wakubwa wa zamani? Mbinu hii inaitwaje? Shirikishi! Na katika mfumo shirikishi, uamuzi hautoki juu ukateremshwa kama ndoo kisimani, uamuzi unatoka kwenu, stakeholders. Mimi nimeshaamua, na sasa nawashirikisha. (Mwalimu Mkuu aanza makofi, atazama watu, aacha.)

Tutapiga kura. Na si kwa mlolongo wa kupanga foleni nyuma ya mtu, enzi hizo zimepita, sasa tuko katika vyama vingi na uwazi. Ila kabla ya kura tumalize picha, maana jua linashuka. Naomba wazazi nanyi mjiunge na watoto ili picha ijae. Akina mama, mikono juu! Madereva wa trekta, mikono juu! Mchungaji, wewe umezoea. Chifu, kofia isizibe watu. Mimi mwenyewe nitaongoza kwa mfano, hivi, wangu huu hapa. Mfadhili wetu, tafadhali, kamera.

(Uwanja mzima wainua mikono. Mama wa kofia ya jua asimama, ainua mkono mmoja tena, aona hapati nafasi ya kusema, atoa kamera kwenye mkoba na kuanza kuhangaika na kifuniko cha lenzi.)

Vizuri. Msishushe. Wakati Mfadhili anaandaa mitambo, hatuna haja ya kupoteza muda, kwa sababu muda ni rasilimali, basi tumalize na lile dogo. Sitauliza wanaokubali, kwa sababu kukubali ndiyo hali ya kawaida ya mwananchi. Nauliza upande mmoja tu, na ajitokeze mwenye ujasiri huo mbele ya serikali: kuna anayepinga Mwalimu Jerusha kuhamishwa? Anayepinga, ainue mkono!

(Mikono yote iko juu. Kisha kicheko kinaanzia kwa madereva, kinapita kwa akina mama, kinafika kwa watoto.)

Hapana. Ngojeni. Shusheni kwanza, halafu muinue upya.

(Mama Benta: "Wewe umesema tusishushe mpaka picha!")

Nimesema, ndiyo, lakini kwa madhumuni ya picha, si kwa madhumuni ya... Shusheni! Ninaamuru, mikono chini!

(Kamera: kacha!)

(Chifu Rapemo asimama taratibu, avua kofia: "Bwana Mratibu, mimi ndiye chifu hapa, na nimeangalia vizuri. Kura ni za wote. Hata Mwalimu Mkuu. Hata wewe mwenyewe, mkono wako bado uko juu. Na imeshapigwa picha.")

(Vigelegele. Mikono sasa inashuka, inapiga makofi. Hodan amkimbilia Mwalimu Jerusha na kumkumbatia kiunoni. Mwalimu Jerusha ajifuta macho kwa ncha ya leso, acheka, ajifuta tena.)

Ahem. Ndugu wananchi. Kama nilivyokuwa nimekusudia tangu mwanzo, na kama itakavyosomeka katika ripoti, uhamisho ule ulikuwa pilot tu, jaribio la kupima kama mnampenda mwalimu wenu, na ninafurahi kutangaza kwamba mmefaulu. Mwalimu Jerusha atabaki hapa kwa juhudi zangu. (Makofi makubwa kuliko yote ya leo.) Asanteni. Najua makofi hayo ni yangu.

Basi nielekee mwisho, ambao ni sehemu ya shukrani, sehemu muhimu kuliko zote katika mradi wowote, kwani bila shukrani watu watauliza maswali. Kwanza kabisa shukrani zimwendee Mfadhili wetu kwa msaada wake mnono wa... (Chifu amnong'oneza.) Ndiyo, Chifu, nasema. (Anong'onezwa tena, kwa muda.) Una hakika? Ulimuuliza kwa lugha gani?

Ndugu wananchi, nimearifiwa sasa hivi kwamba huyu mama hatoki shirika lolote. Ni mtalii. Alikuwa anaelekea Magunga, aingie mbuga ya Ruma akaone wanyama, akapotea njia, akasimama kuuliza, ndipo dereva wangu alipoiona kofia yake akamleta jukwaani. Na huo mkono aliokuwa anauinua, alikuwa anaomba aonyeshwe barabara.

(Kicheko kinachowalaza watu chini.)

Chekeni, chekeni tu, kicheko ni ushirikishwaji. Namshukuru hata hivyo kwa kuwa mfadhili mvumilivu kuliko wote niliowahi kuwa nao, na pia wa kwanza. Nawashukuru washonaji wa pazia, yaani mke wa Mwalimu Mkuu, ambaye shuka lake litarudi likiwa limefuliwa. Na namshukuru sana, kutoka sakafu ya moyo wangu, mwenye shamba la miwa iliyo nyuma ya shuka hilo, kwa kukubali kutovuna wiki hii ili miwa ilishikilie shuka, upepo usinifedheheshe. Meza za duara zitakuja. Kabati zitakuja. Kituo kitakuja siku kitakapopata mfadhili, mfadhili atapatikana siku atakapoona kituo, na mimi niko katikati hapo naratibu. Mama Benta, nimesema usilivute! Haya, umelivuta. Ndiyo, ni miwa. Imestawi, si imestawi? Na yenyewe ni maendeleo.

Sasa tumalize kwa kaulimbiu, kwa nguvu, ili hata Homa Bay wasikie. Lakini mbona mabenchi ni matupu? Chifu, watoto wameenda wapi? Hodan! Maroa! Kila mtu kwenye benchi la kabila lake!

(Watoto wamechanganyika wote mavumbini, magotini, wakimzunguka mtalii na Mwalimu Jerusha aliyekaa chini. Wamevunja miwa ya nyuma ya pazia. Maroa, ambaye baba yake huendesha trekta, analaza kipande kirefu: "Hii ni lami mpaka Rongo." Hodan anaunga kingine: "Gari ya baba inashika hii, ya Homa Bay, halafu hapa inapinda." Emmaculate, aliyezaliwa Magunga, anaweka makapi yake mwishoni: "Na hapa ni kwa nyanya yangu. Wanyama wako nyuma ya nyumba." Mtalii analinganisha na ramani yake, anatikisa kichwa kukubali, anaikunja ramani na kuitia mkobani.)

Darasa la nne, nasema na nyinyi! Wazazi, msiende kuangalia, hamuoni hotuba haijaisha? Chifu, hata wewe? Haya, pamoja nami, Mbinu oyee! Mikono juu!

(Hakuna mkono unaoinuka. Mikono yote iko chini, inapanga barabara.)

Mikono... Haya. Ero kamano. Asanteni kwa kunisikiliza.